Kipimo Kwapani mwa Kilima

Juzi, shuleni ninapofundisha, wanafunzi wangu walichomeka kipima unyevu kwenye ndoo ya udongo na kuunga waya wake na kompyuta. Walipomwaga maji, mstari kwenye kioo ulipanda. Wao walishangilia. Mimi hasira ilinipanda, maana nilisikia tena harufu ya majani ya maharage yaliyolowa.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja, kwetu kwenye kilima juu ya Rubaya, wageni wenye buti walichomeka kidude kama hicho katika shamba la maharage la mama, kikawasha taa nyekundu. Nilidhani kilima kinaumwa, na wao wanakipima homa kwapani.

"Inasema nini, ba papa?" mama aliwauliza wageni.

"Inatuma habari ku ordinateur ya muji, mama. Ni ya recherche," mmoja wao alijibu, yaani kompyuta ya mjini, kwa ajili ya utafiti.

Wakashuka. Nikawangoja warudi na dawa.

Mvua ilinyesha wiki nzima na taa ikaendelea kuwaka, mpaka kilima kikaporomoka, kikabeba shamba na kumfukia jirani yetu nyumbani mwake. Leo najua taa ile ilikuwa ikisema udongo umeshiba maji. Ilisema, lakini iliuambia mji! Kwetu hakuna mganga anayepima mgonjwa akaondoka bila kuwaambia wenye mgonjwa.

Sasa wanafunzi wangu wanataka kuchomeka chao katika shamba la nyuma ya shule.

"Ordinateur iko tayari, Mwalimu," walisema.

"Na mama mwenye shamba iko wapi?" niliwakemea. "Muende mumuite. Yeye njo wa kwanza kuambiwa."