Minazi Katika Wiki ya Bandari

Kila Alhamisi nachagua mada. Nasema nachagua, lakini mara nyingi mada ndiyo inayonikamata mimi. Chaneli yangu ni ya fedha na uwekezaji, kwa Kiswahili, na naiendesha kutoka chumba kimoja cha Zinga chenye godoro lililosimamishwa ukutani ili sauti isirudi. Jumamosi asubuhi narekodi, kabla fundi seremala wa jirani hajawasha mashine yake. Jumapili video inatoka. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi siongeleki. Mama ananiwekea chakula mezani na kuondoka bila neno.

Mada ya fedha huchacha upesi. Dola ikipanda leo, kesho kutwa kila mwenye simu ameshaieleza. Januari watu hawataki kusikia lolote isipokuwa ada. Kabla ya Idi ni nguo za watoto na zamu ya kupokea fedha za mchezo. Mwezi wa Ramadhani ukithubutu kusifia riba ya hati fungani, utavikuta vidole vya watu mpaka machoni. Nilijaribu mara moja nikakoma. Kwa hiyo kila Alhamisi najiuliza: kuna nini kipya, nani ananiuliza, na je, itakuwa bado mbichi Jumapili? Swali la kwanza na la tatu nilikuwa nikiyapenda sana. La katikati nilikuwa nikilipita tu, maana wanaoniuliza wengi wanataka niwatajie hisa moja ya kuwatajirisha kabla ya mwezi kwisha, na mimi hasira zangu ziko karibu.

Huku kwetu hakuna neno linalovuta watazamaji kama bandari. Habari ya kujengwa bandari huja na kuondoka. Ikija, madalali wanamwagika kutoka mjini, viwanja vinapanda bei kwa maneno matupu, na chaneli yangu inanenepa. Ikiondoka, tunarudi kwenye vikoba vya kuweka na kukopa.

Mwaka huo ilikuja tena, na ikamkuta dada yangu ndani ya eda.

Mume wake alikuwa amefariki ghafla, baada ya swala ya Ijumaa, mtu mpole ambaye sikumbuki kumsikia akipandisha sauti. Dada akakaa eda nyumbani kwake Kaole: miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, na wanaume wasio maharimu wake wakija kumpa pole wanazungumza naye kupitia pazia la mlango wa chumbani. Wanawake tuliingia ndani na kukaa naye mkekani. Mimi nilikwenda karibu kila siku. Nilikuwa nikimpelekea dagaa na umbeya, vyote alivihitaji.

Alhamisi ile nilikwenda na simu mkononi, nimechangamka. Nilikuwa nimeshaandika maelezo yote ya video, na hata picha ya jalada nilikuwa nimeshaitengeneza: uso wangu umepigwa na butwaa, mshale mwekundu unapanda, na maneno makubwa, “Bandari imerudi: uuze au usubiri?” Nikamsomea. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mchele.

“Mdogo wangu, hiyo usiirushe.”

“Kwa nini?”

“Wakwe zangu hawasikilizi taarifa ya habari. Wanakusikiliza wewe. Ukisema uzeni, watauza. Ukisema subirini, watasema nimekutuma mimi. Niache nitoke eda kwanza.”

“Mpaka utoke, habari ya bandari itakuwa imeshapoa.”

“Bandari gani? Wewe umeiona?”

Niliudhika, tena sana. Nilijua anasema nini. Marehemu na ndugu zake walikuwa na shamba karibu na Mbegani, walilorithi kwa baba yao, na ndugu hao walikuwa wameanza kulitazama kwa jicho la dalali. Lakini niliona kama dada ananifungia duka siku ya mnada. Wenzangu wa chaneli nyingine walikuwa wameshaanza kurusha video zao za bandari, na wengine hawajui Mbegani iko upande gani.

Tukiwa bado tumenuniana, tukasikia hodi. Alikuwa shemeji, kaka wa marehemu. Nikatoka sebuleni kumwamkia.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Mfiwa anaendeleaje?”

“Anaendelea vizuri, alhamdulillahi.”

Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na pazia. Sitaki kumchafua mtu huyu. Tangu msiba ulipotokea, hakupitisha wiki bila kuleta samaki na kuangalia kama maji yapo. Alikuwa na binti aliyemaliza shule na anangoja kwenda chuo, na mzigo huo ulionekana hata alivyokaa. Akasalimiana na dada, wakaulizana hali za watoto, kisha akakohoa kidogo.

“Shemeji, tumepata mtu wa lile shamba la Mbegani. Ana haraka, anataka tumalizane mwezi huu. Fungu lako na la watoto tutalitenga kama sheria inavyotaka, wala usiwe na wasiwasi.”

“Eda yangu haijaisha,” dada akajibu kutoka ndani.

“Hatukusumbui. Wewe kaa na eda yako, kuhangaika tutahangaika sisi.” Kisha akanigeukia mimi. “Hata huyu mdogo wako alishasema kwenye ile video yake ya mwaka jana. Nafasi ya kuuza huku ikija, usiilalie.”

Aliyasema bila kejeli yoyote, kama mtu anayemshukuru mwalimu wake. Na kweli nilisema hivyo, na nakumbuka nilivyokuwa nimependeza siku hiyo. Alipoondoka, dada hakulia wala hakulaumu. Aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshakwisha kuwa safi.

Nilikaa naye mpaka alasiri. Ili nisiongee, nikawa nasoma maoni ya watazamaji, yale ya zamani ninayoyapita kila wiki. Kulikuwa na moja lililokuwa likijirudia, la mtu yule yule, amelituma chini ya video tatu tofauti. Alikuwa akiuliza: alipanda minazi kwenye shamba la mjomba wake, kwa ruhusa ya mjomba, na sasa mjomba anauza ardhi, je, yeye ana haki gani? Nilikuwa nimelipita mara zote tatu. Halikuwa na habari mpya ndani yake.

Nikainua kichwa. “Dada, ile minazi ya Mbegani alipanda nani?”

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. “Nani hajui? Niliipanda mimi.”

Ni kweli, nilijua. Mtu yeyote aliyekulia pwani hii anajua kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu na mnazi ukawa wa mtu mwingine. Nilikulia katikati ya minazi ya namna hiyo, na nazi zake ndizo zilizoniungia wali. Dada alipoolewa alibeba miche kutoka hapa nyumbani Zinga, baba mkwe wake akamwonyesha pa kupanda na kutamka mbele ya majirani kwamba atakayoipanda ni yake. Tangu hapo yeye ndiye anayeita mkwezi, yeye ndiye anayeuza nazi, na marehemu akitaka madafu alikuwa akimwomba. Ila mimi, baada ya miaka ya kueleza hisa na dhamana, nilikuwa nimelisahau jambo hilo kuwa ni mali. Lilikuwa jambo la nyumbani tu, kama kisima.

“Mbona hukumwambia shemeji?”

“Kanipa nafasi? Kaja kunipa taarifa, hakuja kuniuliza.”

Hapo ndipo nilipoona mada yangu. Sikuipenda. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akatafuta video ya minazi. Ijumaa nzima nilizunguka na mada mbili kichwani. Ya kwanza ingenipa watazamaji wa mwezi mzima, na pengine ingeharakisha kuuzwa kwa shamba la dada yangu. Ya pili ilikuwa na harufu ya bibi maendeleo. Mama aliniuliza kama naumwa.

Jumamosi sikurekodi chumbani. Nilikwenda Mbegani, nikasimama chini ya minazi ya dada, na sikumtaja dada wala ukoo wake, wala sikuonyesha mpaka wowote ambao mtu angeutambua. Sikusema na wauzaji kabisa. Nilisema na wanunuzi. Niliwaambia: wewe unayekuja na pesa yako mkononi kwa sababu umesikia habari ya bandari, kabla hujalipa, inua macho. Uliza miti hii alipanda nani. Huku kwetu aliyekuuzia ardhi anaweza akawa hajakuuzia mti, na siku fidia ya bandari ikija kuhesabiwa, mti una hesabu yake na mwenyewe. Mtafute mwenye mti, umsikie kwa mdomo wake. Kama yuko eda, msubiri.

Sentensi ile ya mwisho sikuwa nimeiandika. Ilinitoka, nikaiacha.

Video ilianguka. Sijawahi kurusha video ikatazamwa na watu wachache namna ile, na chini yake mtu mmoja akaandika kwamba siku hizi nimekuwa bibi shamba. Wenzangu walivuna bandari yao wiki nzima. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Nilimjibu yule wa mjomba, kwa urefu, nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikazima simu.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa dada shemeji alipopiga tena hodi. Safari hii hakuketi vizuri, aliketi ukingoni.

“Mnunuzi kaniuliza minazi ya nani,” akasema kwa pazia. “Nikamwambia. Singeweza kumdanganya, majirani wote wanajua. Anasema basi anataka kumsikia mwenye minazi kwanza, na kama yuko eda atasubiri.”

“Sawa,” dada akasema.

Shemeji hakunitazama. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema tu, “Umeniharibia biashara, mwanangu,” na aliposema mwanangu ndipo nilipotaka kulia.

Mnunuzi hakusubiri. Habari ya bandari ilipoa kabla ya eda kwisha, kama nilivyotabiri, na yeye akapoa nayo. Binti wa shemeji alikwenda chuo kwa mkopo na kwa michango ya ukoo, na mimi nilichanga bila kuambiwa.

Siku dada alipotoka eda tulimfukizia udi, akavaa kanga mpya, akatoka kukaa barazani, anakodolea barabara macho utadhani mgeni. Shemeji alikuja jioni. Hapakuwa na pazia. Akapewa chai ya tangawizi, akainywa nusu, akaweka kikombe chini.

“Shemeji, lile shamba. Ardhi ni ya sote, minazi ni yako. Unasemaje, tuuze au tusiuze?”

“Mnunuzi karudi?”

“Hajarudi.”

“Kuna mwingine?”

“Hakuna.”

“Sasa unaniuliza nini?”

“Nakuuliza kwa sababu siku ile sikukuuliza.”

Dada alichukua ncha ya kanga akafuta macho. Alilia kidogo, bila sauti, na sisi wawili tukamwacha alie. Kisha akajikohoza.

“Basi siuzi,” akasema.

“Haya,” shemeji akasema, akaomba aongezewe chai.