Gari mzee inataka oil nzito? Pickup ya maziwa ya Moiben ilinifundisha W si weight

Wakuu, hamjambo.

Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika hata neno moja. Mimi ni mtu wa aibu, hata kwa simu huwa naongea kidogo. Leo nimejikaza kwa sababu kuna mtu wa humu ndani aliniokoa bila kujua, na nitafika hapo.

Haya yote nimeyaona na kuyashika mwenyewe, kucha zangu bado ni nyeusi. Naandika polepole, shule niliachia darasa la nane. Spelling nikikosea mnisamehe. Mambo ya oil nikikosea msinisamehe, mnirekebishe.

Twende kazi.

Mimi ni dereva wa pickup ya maziwa. Wazazi wangu walitoka Western wakaja Eldoret kutafuta kazi, mimi nikazaliwa hapa hapa. Mwenye gari ni Mama Jerono wa Moiben. Anakusanya maziwa ya majirani kwa gate yake asubuhi, mimi nayapeleka kwa milk bar na hoteli za town.

Pickup ni ya diesel, namba inaanza na KAB, kwa hivyo ina umri kunishinda. Ilinunuliwa na marehemu mume wake, na Mama mpaka leo huiita Mzee. Nikifika asubuhi hanisalimii kwanza. Anauliza, "Mzee ameamka?"

Sasa Mzee alianza kuamka vibaya.

Mkuu, ukiwasha asubuhi starter inavuta kama mtu anasukuma ukuta. Ikishika, huko juu kwa engine inalia ka-ka-ka-ka kama mtu anagonga sufuria na kijiko. Taa nyekundu ya oil inakaa imewaka, inakaa tu, mpaka moyo wangu unaanza kugonga pamoja na engine. Baadaye inazima, kelele inapungua, tunaenda.

Wale wa Moiben na Ziwa mnajua baridi ya huku asubuhi. Ng'ombe wanatoa moshi mdomoni.

Nilimpeleka kwa fundi wa kwanza. Akasikiliza, akasema, "Hii ni gari mzee. Gari mzee inataka oil nzito." Tukaweka nzito.

Kelele ikaongezeka.

Fundi wa pili naye akasema, "Hiyo nzito yenu si nzito." Akatuwekea ile ya namba hamsini peke yake, halafu akaongeza dawa ya chupa, kitu kinatoka kama asali. Akaniambia kwa siri kama mganga, "Hapa imekwisha, kijana."

Kweli ilikuwa karibu kwisha. Asubuhi iliyofuata taa ilikaa imewaka mpaka Mama mwenyewe akatoka jikoni na kikombe mkononi. Akasimama mbele ya bonnet akasikiliza mpaka taa ikazima. Halafu akasema:

"Weri, Mzee akiendelea kulia hivi namuuza kwa watu wa scrap. Maziwa nitapakia kwa lori ya jirani. Sitaki kumsikia akifa hapa nyumbani mara ya pili."

Weri ni kijana kwa Kikalenjin. Ananiita hivyo akiwa na hasira na pia akiwa na furaha, lazima uangalie uso.

Siku hiyo niliangalia uso. Hakuwa anatishia tu, alikuwa ameamua. Na kwa lori ya jirani mimi sina kiti.

Hapo ndipo mimi pia nikaamua. Huyu Mzee hataenda scrap kama bado sijajua anaumwa na nini.

Nikaanza kusoma humu, kila jioni kidogo kidogo, mstari mmoja naweza kuurudia mpaka bando iishe. Nikakuta uzi wa zamani mtu anauliza kuhusu oil, na katikati ya watu kutukanana, member mmoja akaandika kitu kifupi: hiyo W kwa mkebe wa oil si weight, ni winter.

Wakuu, nililala na hiyo sentensi.

Maana huku kwetu kila mtu anakwambia W ni weight. Fundi anasema, dukani wanasema, hata mimi nimewahi kumwambia mwenzangu hivyo na nikajiona najua. Yule member akaeleza kwamba namba iliyo kabla ya W ni vile oil inatembea engine ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oil inafika haraka. Namba ya nyuma ni vile inashikilia engine ikiwa moto. Oil ambayo ina namba moja tu, kama yetu ya hamsini, haina habari ya asubuhi kabisa. Ikipigwa na baridi inalala kama ugali.

Nikaanza kuona picha. Mzee hakuwa na njaa ya oil nzito. Oil ilikuwa imelala chini, na huko juu vyuma vinagongana vikiisubiri.

Mama akanipa pesa ya oil, nikaenda duka la spare town. Kulikuwa na dada kwa counter. Nikaongea, hakusikia. Nikarudia.

"Ongea kijana, mimi si askari," akasema. Watu wakacheka. Masikio yangu yakawa moto.

"Nataka fifteen W forty. Ya diesel."

"Gari ya mwaka gani?"

Nikamwambia namba inaanza na KAB. Hakutoa nilichoomba, akaniletea mkebe wa hamsini. "Wenye gari mzee wote wanachukua hii."

Siku zingine ningechukua niondoke, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Siku hiyo nilisimama tu. Nikasema, "Hiyo tunayo ndani, na ndiyo inatuua."

Akaniangalia tena vizuri. "Nyinyi mnalala wapi na hiyo gari?"

"Moiben."

"Kumbe! Ungesema mapema ni baridi inawasumbua." Akatoa ya fifteen W forty, akanionyesha nyuma ya mkebe penye herufi ya C. Akasema za diesel zinaanza na C, za petrol zinaanza na S, na nisibebe mkebe nje kabla sijaangalia hiyo herufi. Akanipa na filter mpya. Dada, kama unasoma humu, asante sana. Uliponitania uliniumiza lakini ulinisaidia.

Nikadhani kazi imeisha. Kumbe ilikuwa inaanza.

Lazima niwaeleze vile Mama Jerono anapima maziwa. Kile kipimo cha glasi anacho, lakini anasema watu wanakidanganya na unga na chumvi. Yeye huchota maziwa na kikombe cha mkono mrefu, anainua juu, anamwaga polepole na anaangalia vile yanashuka na vile yanabaki kwa ukuta wa kikombe. Kisha tone moja kati ya vidole. Maziwa mazito anakubali. Mepesi anasema neno moja, "Maji," na huyo mtu anarudi nyumbani na mkebe wake.

Sasa nikafika na mkebe wa oil asubuhi, watu wako kwa laini na maziwa yao. Mama akaniambia nifungue. Akaweka tone kati ya vidole vyake viwili. Akasugua. Akasugua tena.

"Maji," akasema.

Wakuu, hapo kwa laini alikuwepo Mzee Kiptoo, jirani ambaye maziwa yake yalikuwa yamerudishwa zaidi ya mara moja. Alicheka mpaka akashika mkebe usianguke. "Mama Jerono! Leo mpimaji ameuziwa maji! Mwambie mwenye duka ng'ombe wake anakunywa sana!"

Kila mtu akacheka. Mama hakucheka. "Wewe umetumwa oil umeniletea chai. Ama ile nzito umeiuza njiani?"

Hilo neno la mwisho lilinichoma, kwa sababu madereva wengine hufanya hivyo na yeye anajua. Nilikuwa na maneno mengi kichwani kuhusu W na winter, lakini kwa mdomo hakuna lililotoka. Watu wa aibu mnanielewa. Maneno yote yanakuja baadaye ukiwa peke yako unaosha gari.

Nikapata kusema kitu kimoja. "Mama, usimwage. Nipe mpaka kesho asubuhi, upime wewe mwenyewe."

Akafikiria. "Kesho. Halafu naita mtu wa scrap."

Jioni nikachukua vikopo viwili vya jam. Kimoja nikatia ile oil ya hamsini iliyobaki na dawa yake, kingine nikatia hii mpya. Nikaviweka juu ya tenki ya maji, vilale nje na baridi kama vile Mzee hulala.

Asubuhi nikamwita Mama. Mzee Kiptoo naye akasogea bila kuitwa.

Nikainamisha vikopo vyote pamoja juu ya debe.

Ile mpya ikashuka mara moja kama maziwa. Ile ya hamsini ikafika kwa mdomo wa kikopo ikasimama. Ikavimba hapo. Ikafikiria. Ikaanza kushuka kama mursik, yale maziwa ya mgando, ya chini kabisa ya kibuyu, ile unagonga na kiganja ndiyo itoke.

Mama akaangalia kopo, akaangalia pickup, akaangalia kopo tena.

"Hii ndiyo Mzee anakunywa asubuhi?"

"Ndiyo, Mama."

Kiptoo akainama kuchungulia debe. Lakini Mama si mtu wa kushindwa na kopo moja. Akauliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakuuliza. "Na akipata moto njiani? Maziwa yenye maji ukiyachemsha hayawi mazito. Hii yako ikishapata moto si itakuwa maji kabisa?"

Swali zuri sana. Nikamwambia tuweke vikopo ndani ya maji moto.

"Si sufuria yangu ya chai!"

Tukatumia karai ya kuoshea ndama. Tukangoja vikopo vishike moto mpaka mkono haukai, nikashika na kitambaa, nikainamisha tena. Sasa zote mbili zikashuka. Ile ya hamsini bado ilikuwa nzito kidogo, siwadanganyi, lakini ilibidi uangalie sana ndiyo uone tofauti.

Mama akachukua kitambaa, akainamisha tena mwenyewe. Mwishowe akasema, "Kumbe hii inajua asubuhi na pia inajua mchana."

Yule member wa winter alieleza na maneno mengi. Mama alimaliza na sentensi moja.

Niliporudi kutoka town engine ikiwa bado moto, nikamwaga ile ya zamani chini yote, nikaweka filter, nikatia mpya mpaka alama ya dipstick. Sikupitisha. Kesho yake asubuhi, kabla jua, nikapiga starter. Ikavuta vizuri. Ikalia ka-ka, taa ikazima, na kelele ikaenda nayo.

Nilikaa kwa kiti nikashika steering tu. Mama akauliza kutoka jikoni, "Weri, mbona hauwashi?"

"Imewaka, Mama."

Ningeweza kuishia hapo mseme hongera. Lakini nimekuja kusema ukweli wote.

Siku chache baadaye oil ilianza kuonekana chini ya gari. Mama akaniita akanionyesha na kidole cha mguu. Hakusema maji, lakini mdomo wake ulikuwa umeshajipanga kusema.

Sikurudi kwa oil nzito. Nikaosha engine, nikalaza boksi chini usiku, asubuhi nikafuata tone kutoka chini kwenda juu. Lilikuwa linatoka kwa gasket ya cover ya juu ya engine, imekauka kama ngozi iliyosahaulika juani. Lile shimo lilikuwepo siku zote. Oil nzito ilikuwa inaliziba tu, kama mtu anapaka rangi juu ya kutu. Tukabadilisha gasket, boksi likaamka kavu.

Bado Mzee anakunywa kidogo, kila mara naangalia dipstick na kuongeza. Ni mzee kweli, hiyo sikatai. Lakini hajaenda scrap, na mimi bado nina kiti.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla ya kuuliza gari ina umri gani, uliza inalala wapi na inaamka vipi. Uzito wa oil kwa vidole haukwambii kitu, vidole vina joto, engine ya Moiben asubuhi haina. Na gari ikimwaga, tafuta shimo, usitafute oil ya kuliziba. Lakini msinakili namba yangu bila kuangalia engine yenu inataka gani. Chukueni vikopo, si namba.

Juzi Mama alienda town mwenyewe, akapita kwa yule dada wa spare. Dada aliniambia baadaye kwamba aliingia akasema, "Nipe ya Mzee. Ile ya asubuhi kumi na tano, mchana arobaini." Hakutaja W. Na alipewa sawasawa.

Leo asubuhi kwa gate, Kiptoo alifika na mkebe wake. Mama akachota, akainua, akamwaga, akaweka tone kati ya vidole.

"Maji."

"Mama Jerono!" Kiptoo akalia. "Si ulisema nyepesi ndiyo nzuri?"

"Hiyo ni oil, Kiptoo. Rudi nyumbani."

Wakuu wenye diesel za zamani huku kwa baridi, Ziwa, Moiben, hata Kaptagat, nyinyi mnatia gani? Na wale wa joto, vikopo vyenu vinasema nini? Kama nimekosea mahali, niambieni wazi. Nitajibu kila mmoja, ila mnipe muda, naandika polepole.