Wimbo wa Ng'ombe Aliyenusa Upepo

Watu husema nyimbo za kulimia ni za kuchangamsha mikono tu. Nacheka! Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nalo nililigusagusa tu, lakini kuna wimbo mmoja niliupasua nikaona kilichomo.

Nilikuwa nimeolewa msimu huohuo, huku kwetu Shinyanga. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mzinza, mumewe kaenda kuchimba dhahabu Geita, kamwacha na mtoto wa mgongoni. Basi siku moja nzengo, yaani kijiji kizima tunaosaidiana kulima, tukaitwa pambani, shamba la pamba la mzee mmoja. Mzinza hakuja. Alibaki analima karanga zake, mvua isije ikampita. Weee! Wazee wakamnyima moto. Ndiyo adhabu yenyewe: hupewi kaa, husalimiwi, husagi na wenzio, mpaka utoe mbuzi watu wale. Mbuzi atamtoa wapi? Na kiberiti kilikuwa cha dukani, mwendo wa kutwa. Siku ya tatu mtoto anakunywa unga uliokorogwa na maji baridi. Mama wa watu akaanza kufunga mizigo.

Siku hiyohiyo sisi tuko shambani, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Mtunzi wetu akaleta wimbo mpya. Kwa Kiswahili ni hivi:

Tulikwenda kunywa, kundi zima, pembe kwa pembe.
Mmoja akasimama, ananusa upepo.
Tukamkanyaga, kwato zetu nyekundu.
Simba pale majini akasema: karibuni.

Mwenzangu, watu walicheka mpaka majembe yakapotezana! "Ndiyo huyo! Mzinza kakanyagwa!" Na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Halafu nikaurudia ule mstari wa simba. Nikamgeukia mama mkwe, tuko mstari mmoja.

"Mama, na hao wengine?"

"Wengine gani?"

"Waliofika kwa simba. Si ndio sisi?"

"Lima wewe! Umeolewa juzi, leo unatufafanulia nyimbo!"

Nikamwuliza mtunzi mwenyewe. Akafuta jasho, akasema, "Mimi napika tu, shemeji. Kutafuna ni kwenu."

Tulipofika nyumbani mama mkwe akachukua kigae, akaweka makaa mawili, akanipa. "Mpelekee. Ukiulizwa, nimekutuma mimi."

Yule mama alikipokea kwa mikono miwili, akawa anapuliza huku machozi yanamtoka, na moto wenyewe haujatoa moshi bado.

Lakini moshi haufichiki. Asubuhi wazee hao, mlangoni kwetu.

"Mayu," walimwita hivyo, ndiyo mama kwa Kisukuma, "nani kampa moto?"

"Mimi."

"Basi mbuzi utatoa wewe."

"Mkamateni yule mweusi."

Walishangaa alivyokubali upesi. Mbuzi akachinjwa, nzengo ikakaa, ikangoja. Ikangoja weee. Ndipo mzee mmoja akauliza nyama inapikwa wapi.

"Kwa Mzinza," mama mkwe akasema. "Kwangu moto umezimika."

Mila yetu wenyewe inasema, ukishakula kilichoiva kwa moto wa mtu, huwezi tena kumnyima moto mtu huyo. Wakatazamana. Na harufu nayo inakuja.

"Mayu katufunga kamba huyu," akasema mmoja, lakini alishanyanyuka. Mtunzi wetu alikuwa keshatangulia.

Mzinza aligawa nyama mwenyewe, mtoto mgongoni anatafuna kipande cha ini. Yule mzee mwenye shamba, mdomo umejaa, akamwuliza, "Na pambani kwangu?"

"Kesho kutwa, baba. Kesho namalizia karanga."

Mimi nikajua mzee atawaka. Akamtazama, akamtazama, akaomba aongezewe mchuzi.