Goroli Iliyokwama kwenye Gobore la Baba Yao

Gobore lilimla mume wangu jicho la kulia na vidole viwili, na bado alikufa akiliita rafiki yake. Mimi sikuliita hivyo hata siku moja. Tulipomzika nilitaka lipelekwe polisi likae hukohuko. Mwanangu akakataa. Akahamishia kibali cha kulimiliki kwenye jina lake, akalining'iniza ukutani palepale, juu ya kitanda nilichomzalia.

Sasa mimi niko Doha, mtaa wa Muaither, nalea mjukuu. Binti yangu anafanya kazi hotelini West Bay, anatoka alfajiri, kwa hiyo mtoto ni wangu kutwa nzima. Mzito, mapaja kama mikate, watu kwenye lifti wanasahau kushuka kwa kumtazama. Nimezaa wanane, mtoto mzuri namjua nikimwona.

Mchana mmoja simu ya video ikaita. Mwanangu, yuko uani kwetu na wenzake wawili. Msimu wa kuwinda umefunguliwa, wanafuata pongo.

"Shikamoo mama. Nichagulie."

Alikuwa ametandika gunia, juu yake risasi za kila namna. Kuna za madini laini aliyoyeyusha kutoka betri kuukuu ya gari. Kuna vipande vya nondo. Na kuna goroli moja ya beringi, inang'aa kama jino la dhahabu.

"Chukua ya betri," nikamwambia. "Ile ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama. Izungushie kitambaa, isukume mtutuni kwa mkono. Ikikubali, ni yake. Ikigoma, iache."

"Goroli inaua palepale, mama."

"Inamuua nani?"

Mwenzake akacheka. "Wengine tunawinda na mbwa, huyu anawinda na mama yake."

Hapo nikajua mambo yameharibika. Mwanangu huyo njaa anaivumilia, kuchekwa hakuvumilii. Akaiegemeza simu mahali, nikabaki naona ukuta na kuku. Kiyoyozi kinanguruma, sisikii kitu. Nikakizima. Joto likaingia kama mwenye nyumba. Ndipo nikasikia: ko, ko, ko. Jiwe juu ya mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia.

Risasi ya kugongwa kwa jiwe si ya mtutu huo. Baba yake aligonga hivyohivyo, ikakwama katikati, baruti iko chini peke yake. Akasema ataifyatua itoke. Kilichotoka ni ubavu wa mtutu. Alipopona akatafuta mtutu mwingine, na kwenye mdeki akachonga alama kwa tupa. Alama ikilingana na mdomo wa bunduki, risasi imekaa juu ya baruti. Isipolingana, usifyatue.

"Mwanangu, nionyeshe alama ya mdeki."

Akaisogeza simu. Alama ilikuwa nje, shubiri nzima.

"Goroli imekwama kidogo tu. Nitaifyatulia hewani."

"Toa hiyo fataki ya kuwashia. Tako la mtutu litie kwenye ndoo ya maji, baruti ife."

"Wenzangu wameshavaa viatu, mama."

"Waende. Wewe leo huwindi."

Picha ikaganda, mdomo wake wazi. Kisha simu ikakatika.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena, nikapiga tena. Jirani akabamiza mlango, nikajikuta nimemlalia mtoto kumkinga. Kila nikifumba macho naona uso wa baba yake ulivyoletwa nyumbani umefungwa shuka.

Binti yangu akaingia na sare yake. "Mama, mbona umezima kiyoyozi? Mtoto ameloa chapachapa."

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

Niliogopa nikitamka litakuwa kweli.

Simu ikaita. Kwenye kioo ilikuwa ndoo. Ndoo yangu ya bluu ya kisimani, na gobore limesimama ndani yake, mdomo juu.

"Nionyeshe uso."

"Mama, si umeona ndoo?"

"Uso."

Akaigeuza. Macho mawili, yote mawili yamenuna.

"Na vidole."

Akavinyoosha mbele ya simu kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nyuma yake uani hapakuwa na mtu, wenzake walishaondoka.

Nikamwambia binti yangu awashe kiyoyozi.