Maji ya Kumwita Kaa

Nilipokuwa mtoto, kisima chetu cha Sagalla kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa kaa. Aliishi kwenye shimo chini ya jiwe, pale maji yanapotokea mlimani. Wazee walisema ndiye anayeichimba njia ya maji na kuiacha wazi, na siku akifa njia itaziba. Hakuna aliyemgusa, na kuingiza mkono shimoni mwake lilikuwa kosa ambalo hata sisi watoto watundu hatukulijaribu. Tulimjua kwa sura: mpana kama kiganja cha mtu mzima, rangi ya kahawia, na gando moja tu. La pili lilikatika zamani, hakuna aliyejua lilikatikaje.

Siku hizi nachoka hata kuyaeleza haya. Wajukuu wangu hucheka, nami siwalaumu, maana wao maji yao hutoka bombani, ingawa bomba lenyewe linaweza kukauka wiki nzima na wasijue wamlaumu nani.

Sisi tulijua. Nyumba zetu zilipeana zamu ya kusafisha kisima, kuondoa majani na matope na kuzungushia miiba ili mbuzi wasiingie, na mwenye zamu ndiye aliyemchunga kaa. Msimamizi wa hayo yote alikuwa Shangazi Wakesho, dada mkubwa wa baba yangu, mwanamke mrefu wa maneno machache. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema, kwa sababu nitakayoeleza yanaweza kukufanya umchukie.

Ulikuwa wakati wa vita vya Wajerumani. Reli ilikuwa inajengwa kutoka Voi kuelekea upande wa Taveta, na baba alikuwa amechukuliwa pamoja na wanaume wengine kuwabebea askari mizigo. Mvua ilikuwa imekataa. Mama alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana, mimi nikiwa mtoto wake wa pekee, na zamu ya kisima ilikuwa yake.

Asubuhi moja tulimkuta kaa nje ya shimo, ametulia kando ya maji. Mama alimsemesha kwa sauti ya chini, kama anavyoamshwa mgonjwa. Kisha akamgusa kwa kijiti. Kaa akapinduka, mwepesi kama jani kavu, na ndani hamkuwa na kitu. Miguu ilikuwepo, lile gando moja lilikuwepo, lakini nyama haikuwepo. Mama akakaa chini palepale kwenye matope. Sikuwahi kumwona akikaa kabla kazi haijaisha.

Shangazi aliitwa, akaliangalia lile gamba kwa muda mrefu. Alimwuliza mama kama alichota kwa chungu chenye masizi, mama akasema hapana. Kama alimwaga majivu karibu, hapana. Kama alimkanyaga bila kujua. Mama akafikiri, akasema labda. Hilo neno labda ndilo lililommaliza.

Desturi ilikuwa kwamba nyumba iliyompoteza mwenyewe haichoti tena kisimani mpaka arudi, na mama wa nyumba hiyo ndiye anayemwita. Kumwita maana yake ni kushuka hadi mtoni, kupandisha maji, na kibuyu cha kwanza kukimimina shimoni kabla mtu yeyote nyumbani hajanywa. Mama hakubisha. Aliweka tu mkono tumboni, na Shangazi akauona ule mkono.

"Naona," alisema Shangazi. "Lakini maji haya tunayanywa sote."

Basi tukaanza kushuka. Mto Voi ulikuwa mchanga mtupu, ikabidi tuchimbe kwa mikono na kungoja maji yajikusanye, huku tukisikiliza kama kuna tembo. Kisha kupanda, mama akiwa na mtungi mgongoni na kamba ya ngozi kwenye paji la uso, mimi nyuma na kibuyu changu. Njiani tulikutana na wanawake wakitoka kisimani, na maji yao yalikuwa bado yanadondoka. Walitusalimu vizuri kabisa. Tukifika juu, koo zimekauka, mama alipiga magoti mbele ya shimo na kumimina. Niliyatazama yale maji yakizama, nikamchukia yule kaa kwa moyo wangu wote.

Mimba ilitoka kwenye mteremko, kabla hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi. Nilikimbia kumwita Shangazi. Alimbeba mama mgongoni mpaka nyumbani, akamwosha, akampikia uji, na siku zote alizolala ni Shangazi mwenyewe aliyeshuka mtoni kwa niaba yake. Nilimwona akilia nyuma ya nyumba. Na mama alipoweza kusimama, Shangazi huyo huyo alimkabidhi kibuyu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kaa alitoka. Tuliitwa sote tukatazame. Alikuwa mkubwa kuliko zamani, gamba lake linang'aa, na mahali pa gando lililokatika palikuwa na gando jipya, dogo, jeupejeupe. Shangazi alimshika mama mkono, akasema kaa amekunywa maji yake na amerudi mzima. Mama akatabasamu. Tangu siku hiyo aliheshimiwa kisimani kuliko mwanamke mwingine yeyote, na hakuna aliyesema tena habari za kosa lake, kwa maana walikwisha kumsamehe.

Niliolewa Voi. Jirani yangu alikuwa Bi Mwanaisha, mama wa Kiislamu aliyezaliwa pwani. Siku moja mwanangu aliokota gamba la kaa mtoni akaja nalo mkononi, nami nikampigia kelele alirudishe haraka. Bi Mwanaisha akacheka, kisha akaniuliza naogopa nini. Nilipomweleza, aliligeuza lile gamba akanionyesha lilivyopasuka kwa nyuma.

"Huyu hakufa, mwanangu," alisema. "Gamba halikui, basi yeye akikua hulivua. Kisha hujificha, mwili mwororo, mpaka jipya liwe gumu. Hata gando likikatika, jingine humea hapo."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilipopata nafasi nilipanda Sagalla, nikamkuta mama amekaa mlangoni akichambua kunde. Macho yake yalikuwa yamefifia na alichambua kwa kupapasa. Nilimweleza yote. Nilidhani nimemletea zawadi, kwamba nimemtua mzigo alioubeba miaka yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo siku zote zile alikuwa humo humo shimoni," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

"Basi mtoto wangu alikwenda bure."

Nilitazama kunde, nikatafuta la kusema, na nilichokipata ni hiki: kwamba Bi Mwanaisha ni mtu wa pwani, anajua kaa wa bahari, na kaa wa mlimani kwetu hajawahi kumwona.

"Ndivyo nilivyofikiri," mama akasema, na mikono yake ikaanza tena.

Hasira ninayo mpaka leo, ila sijui niipeleke wapi. Kaa alikuwa anakua tu. Shangazi alikuwa anaogopa kiu ya watu wake, na kwa hofu hiyo kisima kile kilibaki safi vizazi na vizazi. Nimechoka kumtafuta wa kulaumiwa. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mpaka anakufa alipenda kuwasimulia wageni jinsi alivyomrudisha kaa wa kisima. Kila aliposimulia mbele yangu, aligeuza uso upande wangu akangoja, nami niliitikia kwamba ndiyo, ni yeye aliyemrudisha.