Siku Motokari Yangu Iliponguruma Mbele ya Bukwe

Aibu hii niliificha miaka mingi, na ningekufa nayo, ila juzi kuna mtu alinisimulia, akicheka mpaka kukohoa, habari ya mwanaume mmoja mjinga aliyekwenda Musonoi kumchukua bibi yake akarudi na kelele tu. Nilicheka naye. Sikumwambia kama mwanaume huyo ni mi.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tunaitana citoyen, yaani raia, nami nina abacost moja ya kahawia, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, niliyoipiga pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe bila mtu ndani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya umakanika, miaka mitatu, na brevet yangu, cheti chenyewe, niliitundika ukutani pale nyumbani Dilala, Kolwezi, mahali wengine wanatundika picha ya ndoa (ya kwetu ilikuwa ndani ya sanduku, na sikuona ubaya). Bibi yangu Kapinga alikwenda kwao Musonoi kwa matanga ya nyanya yake, matanga yakaisha, yeye akabaki. Wiki, mwezi, miezi mitatu. Kila jioni nilisonga bukari ya watu wawili kwa sababu mkono haukujua kipimo cha mtu mmoja, na iliyobaki nikawapa kuku wa jirani, wakanenepa hata wakawa wanapita mlangoni kwa ubavu. Mwisho wakwe wakatuma neno: nije mwenyewe siku ya Mungu, Jumapili, nijibu vizuri mbele ya wakubwa, na Kapinga atarudi na mi.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa mguu. Mi nikaamua kwenda na motokari.

Motokari yenyewe ilikuwa nzee, niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na haikuwa ya carburateur, ilikuwa ya injection, inayopuliza mafuta ndani ya motere yenyewe. Carburateur naijua hata nikiwa usingizini, lakini siku mwalimu alipofika ukurasa wa injection umeme ulikatika, tukaenda nyumbani, na kesho yake akaanza ukurasa wa breki. Basi ugonjwa wake ulikuwa huu: asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri kabisa, lakini ikishapata moto, badala ya kushuka kwenye ralanti, ile pumzi ndogo ya motere wakati motokari imesimama, inapanda, inalia kama kuna mtu ndani anakanyaga mafuta kwa hasira. Niliikaza vis, ile skrubu ya ralanti, mpaka kichwa chake kikalika, na motere haikujali. Kumuuliza mtu? Mi, mwenye brevet? Tena ilikuwa na ugonjwa wa pili: ukiizima na moto wake inakataa kuwaka saa nzima. Nikajiambia, sitaizima. Nitamtoa Kapinga pale kama malkia, anaingia, tunaondoka, bila kusukumwa na shemeki zangu.

Nikafika. Bukwe, yaani nyumbani kwa wakwe, kwa asiyejua, si mahali pa kuingia kama sokoni. Unasimama mbali, unapiga makofi polepole, unachuchumaa, humwangalii mama mukwe (naye anakaa ndani ili usimwangalie), na tata mukwe, baba wa bibi yako, akikuuliza neno anauliza mara moja tu. Kumwambia mukwe «sikusikia» ni kama kumwambia anasema vibaya. Hayo yote niliyafuata. Nilichuchumaa vizuri sana, abacost ikalia kwenye mshono, na nyuma yangu motokari ikanguruma hata nadhani walitoka kuangalia mpaka kule mbali Dilolo.

Watu wa mtaa wakajaa. Shemeki yangu mdogo akaninamia sikioni, akapaza sauti: «Citoyen mécanicien, hii motokari iko nakimbia wapi, na imesimama?»

Nilijifanya kucheka. Kapinga alikuwa kwenye baraza, amefunga kitenge kipya, mfuko wake umefungwa, uko karibu na mguu. Nilipouona ule mfuko sikufikiri tena kitu kingine.

Tata mukwe, mzee aliyeendesha malori ya mgodi maisha yake yote, akaanza kusema. Niliona mdomo. Sauti, hapana. Nikafikiri: maswali ya bukwe yanajulikana, umekuja kwa amani, utamchunga mtoto wetu, na yote yanajibiwa namna moja. Mdomo ukasimama, nikasema ndiyo tata. Ukasema tena, nikasema ndiyo tata. Mara ya tatu nikaona nitie na pambo kidogo, nikapiga kelele: «Ndiyo, tata, kwa roho yote, hata tuanze leo!»

Kapinga akainama, akachukua mfuko wake, akaingia nao ndani.

Nikafikiri amesahau kitu.

Tata mukwe akasimama, akaenda kwenye motokari, akanionyesha nifungue kapo, kile kifuniko cha motere. Akasikiliza kama daktari. Akavua kofia, akaikunja mkononi kwa sababu ya moto, akabana bomba moja la mpira, si nene kuliko kidole gumba, na motere ikashuka, ikatulia, ikawa inapumua kama mtoto aliyelala. Akaniambia kwa upole lile bomba linaongeza hewa wakati motere iko baridi, na ikipata moto mlango wake mdogo unapaswa kujifunga, ila wa kwangu umekwama wazi. «Uliacha mulango, uko nakaza vis,» akasema. Akalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Sasa kila mtu alikuwa anasikia kila kitu. Akanishika bega: «Basi ni vile ulikubali. Kapinga abaki huku mwaka moja, apumuzike. Nilizani utabisha kidogo.»

Nikasema, «Tata, sikusikia.» Nikavunja na hiyo desturi, mbele ya mtaa mzima.

«Ulijibu mara tatu,» akasema. Hakuwa na hasira. Ila neno lililosemwa bukwe mbele ya watu halirudi siku hiyohiyo, kila mtu anajua.

Kapinga akatoka mpaka kwenye mlango wa motokari. Nilianza kumweleza habari ya bomba, ya mlango mdogo, ya baridi na moto, ya ule usiku wa umeme, na angeniacha niendelee mpaka Noeli. Akangoja pumzi iniishie.

«Baba alikuuliza kama unataka nibaki, na we hausikie,» akasema. «Ku nyumba, hakuna motokari, na bado we hausikiake.»

Akarudi ndani.

Nilirudi Dilala na motere ya upole kuliko zote za Kolwezi. Njia nzima sikusema neno, kitu ambacho waliosoma na mi hawataamini. Nikapika bukari. Nikakaa mbele yake, nikajaribu kukumbuka jambo moja tu ambalo Kapinga aliniambia mwaka ule, kabla ya matanga, nikakumbuka niliyosema mi tu, yote.

Tangu siku ile nimeapa: mtu akifungua mdomo kuniuliza kitu, nazima motere kwanza, hata kama itakataa kuwaka na nitalala barabarani.