Gitaa ya papa yake

Juzi, nikingoja zamu yangu kwenye kibanda kimoja cha hapa Goma ambapo watu hutiliwa nyimbo kwenye simu, muzee mmoja aliomba wimbo wa orkestra ya zamani. Muuzaji akiutafuta, muzee akasimulia. Utotoni kule Kibumba alijitengenezea gitaa kwa kidebe cha mafuta na waya za breki za baiskeli, akajifundisha mwenyewe. Alipigia kwaya ya kanisa, kisha bendi ya harusi pale Munigi iliyotawanywa na vita, mwisho orkestra hiyo.

"Wimbo hii nilitunga mimi. Wenzangu walipoenda studio Kampala, mutoto wangu alikuwa mugonjwa. Nikabaki. Wakatafuta mupiga gitaa mwingine."

Wimbo ukapatikana. Aliusikiliza hadi mwisho, vidole vikitembea juu ya meza.

"Mutoto alipona, papa?" muuzaji akauliza.

"Alipona. Ni yeye anaolewa samedi hii inayokuja. Anataka kusikia gitaa ya papa yake."

"Basi niweke?"

"Weka tu. Hajui kama si mimi nilipiga."

Sijui kama huo ni uongo, maana noti zote zilikuwa zake. Lakini muzee aliporudishiwa simu yake, aliitia mfukoni bila kuitazama.